Kuchagua risasi za shotgani kwa ulinzi wa nyumba: mtutu, nyumba, boksi, karatasi

Shotgani ileile ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), bila kubadilishwa chochote, inaweza kurusha chembe 350 za kuwindia ndege, gololi 9 za kuangushia mnyama mkubwa, au bonge moja la madini ya risasi lenye gramu 28. Kwa hiyo mtu anayesema "nina shotgani nyumbani" bado hajasema lolote kuhusu kitakachotokea akifyatua. Kinachoamua ni kilichomo ndani ya ganda, na namna mtutu wake unavyokitawanya. Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio wa kazi yenyewe: bunduki kwanza, nyumba pili, boksi tatu, na mwisho karatasi ya shabaha, ambayo ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Kuhusu sheria: soma masharti ya leseni yako kabla ya kununua. Kuna nchi ambako marisau makubwa (zile gololi) au slagi (lile bonge moja) vinahitaji kibali tofauti na kile cha bunduki yenyewe, kuna zinazoweka kikomo cha idadi ya risasi mtu anazoweza kumiliki, na kuna zinazolazimisha risasi zifungiwe mbali na bunduki. Sheria ya lini mtu anaruhusiwa kufyatua kujilinda ni jambo jingine kabisa, nayo haibadiliki kwa kuwa umechagua risasi "laini".

1. Soma mtutu

Toa risasi zote, fungua chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa), itazame kwa macho kisha iguse kwa kidole kuhakikisha ni tupu. Halafu tafuta maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu, karibu na chemba. Utakuta geji (12, 16, 20 au .410) na urefu wa chemba: inchi 2¾, 3 au 3½, ambazo ni mm 70, 76 na 89. Bunduki za zamani, hasa za mitutu miwili, huweza kuwa na chemba ya mm 65. Maandishi yakiwa yamefutika, au ukihisi mtutu si wa bunduki hiyo asilia, mpelekee fundi wa bunduki apime. Usikisie.

Urefu unaoandikwa kwenye risasi ni wa ganda likishafunguka, yaani baada ya kupigwa. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Risasi ya mm 76 mara nyingi huingia vizuri tu kwenye chemba ya mm 70, kwa sababu mdomo wake bado umekunjwa. Ikifyatuliwa, mdomo unafungukia pale chemba inapoanza kuwa nyembamba, njia inabanwa, na shinikizo linapanda kuliko lile bunduki ililotengenezewa kuhimili. Kinyume chake hakina hatari: fupi ndani ya ndefu ni salama, ingawa nusu otomatiki yenye chemba ya mm 89 huweza kugoma kujipakia ikipewa risasi nyepesi.

Hatari mbaya kuliko hiyo ni kuchanganya geji. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye geji 12 haikai kwenye chemba. Inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Chemba inaonekana tupu, mtu anapakia geji 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka sentimita chache kutoka mkono wa kushoto. Ndiyo maana watengenezaji wengi hufanya maganda ya geji 20 kuwa ya njano. Rangi hiyo ni onyo zuri lakini haitoshi. Nyumba yenye geji mbili inahitaji makabati mawili, au walau masanduku mawili yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, na kamwe usiweke risasi moja ya akiba mfukoni mwa koti linalotumika na bunduki zote.

Wakati uko hapo, angalia pia mdomo wa mtutu umebanwa kiasi gani, yaani choki yake. Kwa marisau makubwa, mtutu usiobanwa au uliobanwa kidogo tu ndio unaofaa zaidi. Choki kali huzikandamiza gololi kubwa zikagongana na kubonyea, na gololi iliyobonyea haiendi moja kwa moja. Na ikiwa ndani ya mtutu kuna mifuo ya kuzungusha risasi, huo ni mtutu wa slagi: ukiupa marisau, mzunguko huyatupa nje na kuacha uwazi katikati, palepale ulipolenga.

(Geji, kwa wanaojiuliza, ni hesabu ya zamani: gololi 12 za madini ya risasi zenye upana wa mtutu huo zina uzito wa ratili moja, gramu 454. Ndiyo maana namba ndogo ni mtutu mpana. Geji 12 ni mm 18.5, geji 20 ni mm 15.6. Ile .410 haifuati hesabu hiyo. Ni upana wa mtutu kwa inchi, kama mm 10.4.)

2. Pima nyumba

Chukua futi ya kupimia. Pima mstari mrefu zaidi ambao unaweza kuuona ndani ya nyumba bila kitu kuuzuia: ukumbi wote, kona ya sebule hadi mlango wa mbele, korido hadi mlango wa chumba cha mwisho. Andika umbali huo. Mara nyingi watu hushangaa: korido waliyodhani ni ya mita 15 inatoka mita 8. Umbali huo ndio utakaoupigia karatasi baadaye, na ndio utakaokuonyesha kwamba habari za "shotgani hufagia chumba kizima" ni hadithi. Kwa mita 5, chembe zinazotoka kwenye mtutu wa kawaida bado ziko pamoja ndani ya upana wa kiganja. Bila kulenga, utakosa.

Kisha chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, hata kwa mkono. Weka alama mahali kila mtu anapolala, na chora mishale kutoka mahali ambapo wewe ungesimama kwenda kila mlango. Fuata kila mshale hadi upande wa pili wa ukuta. Mshale unaoishia kwenye kitanda cha mtoto ni mwelekeo ambao hautapigwa kwa risasi yoyote, na jibu lake si kutafuta risasi dhaifu zaidi bali kubadili mahali pa kusimama.

Hili linahitaji kusemwa bila kuzunguka, kwa sababu ndiko maamuzi mengi mabaya yanakoanzia: hakuna risasi inayotosha kumsimamisha mtu mzima mwenye nia mbaya halafu ikashindwa kupita ukuta wa jipsamu. Ukuta wa ndani wa aina hiyo ni bodi mbili zenye unene wa kama mm 12.5 kila moja na hewa katikati; marisau makubwa hupita kuta kadhaa za namna hiyo na bado yakawa hatari. Milango ya mbao nyepesi, madirisha na mabati ni vilevile. Tofali gumu na bloku iliyojazwa zege hali yake ni tofauti, hapo chembe kwa kawaida husimama, ila vipande vya chembe na vya ukuta vinaweza kurudi nyuma au kuteleza sambamba na ukuta. Jua kuta zako ni za nini, moja baada ya nyingine. Nyumba nyingi ni mchanganyiko.

3. Chagua ukubwa wa chembe

Kipimo kinachotumika sana kupima upenyaji ni kile cha FBI ya Marekani, kilichotokana na mapigano ya risasi ya Miami ya Aprili 1986: risasi ya kujilinda ipenye sm 30 hadi 46 katika jelatini ya majaribio, inayoiga nyama ya mwili. Sm 30 inasikika nyingi hadi ukumbuke kwamba mtu anaweza kuwa amesimama kiubavu, mkono uko mbele ya kifua, na amevaa koti zito.

Marisau madogo ya ndege hayafiki huko. Chembe namba 7½ ina kipenyo cha mm 2.4, namba 8 ina mm 2.3, ni nyepesi mno, zinapoteza kasi upesi, na katika jelatini kwa kawaida hazifiki hata sm 15. Kwa umbali wa mita moja au mbili zinatisha kwa sababu bado zimeshikana kama donge moja. Zikishafunguka, zinatoa jeraha pana la juujuu ambalo ni baya kutazama lakini halimlazimishi mtu kuacha anachofanya. Watu huyachagua kwa hofu ya kuta. Ni hofu halali yenye jibu lisilofaa: karibu kabisa marisau hayo nayo hupita jipsamu. Yanunue kwa mazoezi, ni ya bei nafuu na teke lake begani ni dogo, na yaache kwenye mazoezi.

Kazi hii ni ya marisau makubwa. Ukubwa unaokutana nao zaidi katika geji 12, risasi ya mm 70:

- Namba 4: mm 6.1, kama gramu 1.3 kila chembe, kwa kawaida chembe 27. Inapenya sm 30 na kidogo.
- Namba 1: mm 7.6, gramu 2.6, kwa kawaida chembe 16. Iko vizuri katikati ya kipimo.
- 00: mm 8.4, gramu 3.5, chembe 8 au 9. Inafika ukingo wa juu wa kipimo na mara nyingi kuupita.
- 000: mm 9.1, kwa kawaida chembe 8. Inapenya zaidi ya inavyohitajika ndani ya nyumba.

Kwenye karatasi ya hesabu, namba 1 ndiyo inayoshinda. Jumlisha eneo la chembe 16 za mm 7.6 unapata karibu mm za mraba 730. Chembe 9 za 00 zinatoa karibu 500. Chembe nyingi zaidi, eneo kubwa zaidi, na zinasimama mapema kidogo. Tatizo ni kwamba namba 1 inatengenezwa kwa aina chache, na nyingi kati ya hizo ni za nguvu kamili zenye kikombe cha kawaida (kipande cha plastiki kinachobeba chembe), hivyo hutawanyika vibaya. Ndiyo maana, kwa watu wengi, jibu linarudi kwenye 00: si kwamba ndiyo namba bora kwa nadharia, bali ndiyo ambayo watengenezaji wameifanyia kazi zaidi, na utaipata ileile tena ukihitaji boksi la pili. Ukipata namba 1 yenye kikombe kizuri na ikakaa vizuri kwenye karatasi yako, ichukue bila wasiwasi. Namba 4 ni ya mwisho kati ya zinazokubalika. Yeyote anayeichagua ajue kwamba nguo nzito na mkono uliotangulia mbele vinaweza kuirudisha chini ya sm 30.

Angalizo kwa anayekutana na boksi la mfumo wa Kiingereza: SG ni karibu sawa na 00, LG ni karibu sawa na 000, na AAA ni kama mm 5.2 tu, ndogo kuliko namba 4. Majina haya hayafanani kila nchi, kwa hiyo amini milimita zilizoandikwa, si herufi.

Slagi ni bonge moja, mara nyingi gramu 28, linalotoka mdomoni kwa kama mita 480 kwa sekunde. Ni kwa umbali mkubwa, kwa mnyama mkubwa, au kwa shamba lenye uwazi. Ndani ya nyumba inapita kila kitu, na ukikosa haijulikani itasimamia wapi.

Kuna pia vitu vya kukataa moja kwa moja. Risasi za mpira au za mfuko wa chembe hazina uhakika wa kumzuia mtu, na kwa karibu zinaweza kuua. Mbele ya sheria bado umempiga mtu kwa bunduki. Chumvi ya mawe ni mchezo. Risasi za kutema moto huunguza mapazia na makochi yako mwenyewe. Na ule mtindo wa kupanga magazini kwa zamu, ya kwanza ya ndege, ya pili 00, ya tatu slagi, unadhani kwamba tukio litafuata mpangilio wako. Halifuati. Magazini moja, risasi ya aina moja.

Kwa geji 20, tafuta namba 3: mm 6.4, mara nyingi chembe 20. Inafanya kazi vizuri kwa umbali wa ndani, na kwa mtu mdogo wa mwili au mwenye bega bovu, geji 20 anayoidhibiti inaipita geji 12 anayoiogopa. Kwa .410 chaguo ni jembamba: 000 ya chembe 4 (mm 63) au 5 (mm 76). Usiweke marisau ya ndege kwenye .410 kwa ulinzi. Uzito wake wote ni mdogo mno.

4. Soma boksi

Baada ya geji, urefu na ukubwa wa chembe, tazama kasi. Boksi za Marekani huandika futi kwa sekunde. Zidisha kwa 0.305 upate mita. 00 ya nguvu kamili huwa kama 1,325, yaani mita 404. Ile iliyopunguzwa teke ni kama 1,145 hadi 1,200, yaani mita 350 hadi 365. Kwa umbali wa ndani ya nyumba, hizo mita 50 za tofauti hazimnufaishi yeyote isipokuwa bega lako, ambalo linazilipia. Zilizopunguzwa teke kwa kawaida hukaa pamoja vizuri zaidi kwenye karatasi, kwa sababu gololi hazikusukumwa kwa ukali zikabonyea, na mtutu unarudi kwenye shabaha upesi.

Magnamu, yaani risasi iliyoongezwa uzito, ya mm 76 yenye chembe 15 haina mahali hapa. Kwa bunduki ya kilo 3.2, teke lake ni karibu mara mbili ya 00 ya kawaida ya nguvu kamili, na karibu mara tatu ya ile iliyopunguzwa. Unapata chembe sita za ziada na unapoteza uwezo wa kupiga risasi ya pili kwa wakati.

Halafu kuna kikombe, kile kipande cha plastiki kinachobeba chembe ndani ya ganda. Hapa ndipo fedha ya ziada inapokuwa na maana. Kikombe cha kawaida kinafunguka na kuachia chembe mara tu zinapotoka mdomoni. Vikombe kama FliteControl ya Federal na Versatite ya Hornady vinazishika chembe kwa muda baada ya kutoka, kisha vinajipunguza kasi kutoka nyuma na kuziacha ziende zikiwa pamoja. Tofauti inaonekana kwa macho: kwa mita 7, 00 ya kawaida inaweza kutawanyika sm 15 hadi 20, yenye kikombe cha namna hiyo huweza kubaki chini ya sm 10. Vikombe hivi vinataka mtutu usiobanwa sana. Kwenye choki kali mara nyingi vinaharibu kazi yake yenyewe.

Tafuta pia maneno yanayosema chembe zimepakwa shaba na zimewekewa unga wa plastiki wa kuzikinga. Vyote viwili vinapunguza kubonyea.

Chembe 8 au 9? Katika 00 nyingi za chembe 9, moja ina tabia ya kutoka kundini na kwenda zake, sentimita kadhaa mbali na wenzake. Mpangilio wa nane unapakika kwa jozi zilizolingana, na mara nyingi hutoa kundi safi zaidi. Mara nyingi, si kila mara. Ikiwa bunduki yako inaziweka tisa zote pamoja, chukua tisa.

Mwisho, kitako cha chuma cha ganda. Risasi za bei ya chini zina kitako cha chuma laini kilichopakwa rangi ya shaba. Hutanuka ndani ya chemba na, kwenye chemba yenye mikwaruzo au uchafu, hung'ang'ania. Pampu, yaani shotgani unayoipakia kwa kuvuta mkono nyuma na mbele, inagoma kurudi nyuma. Kitako cha shaba halisi hujirudi upesi zaidi. Sumaku ndogo inakuonyesha ipi ni ipi kwa sekunde moja.

5. Piga karatasi

Nunua boksi moja moja la aina mbili au tatu. Usinunue katoni kabla ya hatua hii. Bunduki mbili zinazofanana, zilizotoka kiwandani siku moja, zinaweza kupenda risasi tofauti.

Unahitaji uwanja wa shabaha unaoruhusu marisau makubwa, kinga ya masikio (mlio wa geji 12 unakaribia desibeli 160), miwani ya kinga, makaratasi makubwa ya sm 60 kwa 60, karatasi za A4, kalamu nene na futi. Bandika A4 moja katikati ya kila karatasi kubwa. A4 ni sm 21 kwa 29.7, na inakaribia sana eneo la kifua ambalo chembe zote zinatakiwa kuishia. Chora nukta katikati.

Piga risasi moja kwenye karatasi moja. Ukipiga mbili kwenye karatasi moja hutajua chembe ipi ni ya nani, na jaribio limekufa. Anza mita 3, kisha 5, kisha 7, kisha ule mstari mrefu zaidi uliopima nyumbani. Kwa kila umbali, risasi tatu za kila aina. Andika kwenye kila karatasi: aina, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, umbali.

Sasa hesabu matundu. Zikiwa tisa kwenye boksi, lazima uone tisa, na kwa karibu sana zinaweza kuwa tundu moja lenye kingo za kuchanika. Tundu kubwa lisilo la kawaida, hasa kati ya mita 3 na 10, mara nyingi ni kikombe cha plastiki kilichopiga karatasi. Usilihesabu kama chembe na usilipimie. Pima umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Kisha angalia kundi lote limekaa wapi ukilinganisha na nukta: kuna bunduki zenye shanga moja tu ya kulengea zinazopiga sm 10 juu au pembeni kwa mita 7, na hilo unatakiwa kulijua leo.

Kanuni ya kuamua ni rahisi. Umbali wa mwisho ambao risasi zote tatu ziliweka chembe zote ndani ya A4 ndio kikomo chako kwa risasi hiyo na bunduki hiyo. Kikomo kikiwa kifupi kuliko mstari mrefu wa nyumba yako, risasi hiyo imeshindwa, hata kama kiboksi chake kimepambwa vipi. Chembe moja nje ya A4 ni chembe ya gramu 3.5 inayoelekea ukutani, na kwenye ramani uliyochora unajua nyuma ya ukuta ule kuna nini.

Ukikuta zote zimeshindwa, angalia choki kabla ya kulaumu risasi. Legeza hadi isiyobana, rudia.

6. Hakikisha bunduki inaikubali

Kundi zuri halina faida kama risasi ya pili haiingii. Jaza magazini hadi mwisho, kama itakavyojazwa kwa kazi, na piga zote. Kwa pampu, risasi 10 za toleo lilelile bila kukwama zinatosha kama mwanzo, na zipige kwa nguvu ya mkono kama mtu aliye na haraka. Pampu nyingi hukwama kwa sababu mpigaji alivuta nusu. Kwa nusu otomatiki, anza na 25. Zinazoendeshwa na gesi huweza kukosa nguvu ya kujipakia kwa risasi iliyopunguzwa teke. Zinazoendeshwa na teke lenyewe zinasumbua kwa namna nyingine: ukishafunga tochi na kibebeo cha risasi za akiba, bunduki imekuwa nzito, inarudi nyuma polepole, na kilichofanya kazi jana kinagoma. Jaribu ikiwa na kila kitu kilichofungwa.

Zile fupi za mm 44 zinavutia kwa kuwa magazini inabeba nyingi. Pampu nyingi hazijatengenezewa urefu huo. Risasi inageuka ndani ya bunduki inaponyanyuliwa kwenda chembani na kukwama kichwa chini. Zikwepe.

Sauti ikiwa "puf" badala ya mlio wa kawaida, simama. Usipakie nyingine. Toa zote, tazama ndani ya mtutu kutokea upande wa chemba: kikombe kinaweza kuwa kimebaki humo, na risasi inayofuata ingepasua mtutu. Ukifyatua pasitokee kitu, shikilia mtutu ukielekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 hadi 60 kabla ya kufungua.

Osha mikono kwa sabuni baada ya uwanja, kabla ya kula au kushika mtoto. Mabaki ya fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na ya madini ya risasi ni sumu.

7. Kagua na weka

Kati ya boksi ulizochagua, tenga risasi za kazi: za kujaza magazini na tano au sita za akiba. Kagua moja moja mchana. Fataki iwe sawa na kitako au chini kidogo, isichomoze. Ukingo wa kitako usiwe na pengo au kupinda. Mdomo uliokunjwa uwe umefunga, ganda lisiwe limevimba. Kisha, mtutu ukiwa umefunguliwa na kutolewa kabisa kwenye bunduki, tumbukiza kila risasi kwenye chemba: iingie kwa uzito wake na itoke ukiinamisha. Inayokwama iende kwenye boksi la mazoezi kama ni ya kukwama kidogo, au itupwe kando kama imevimba.

Shotgani nyingi hazina kinga ya kutosha ya kuzuia kufyatuka zikianguka, kwa hiyo chemba ibaki tupu. Kama sheria yako inaruhusu magazini kuwa na risasi, bunduki ikae hivyo ndani ya kabati la chuma linalofungwa, ambalo ni wewe tu na mtu mzima mwingine mnayeamini mnaoweza kulifungua. Kama hairuhusu, risasi zikae kwenye kisanduku chake chenye kufuli, karibu, na ufanye mazoezi ya kupakia kwa risasi bandia.

Magazini ya bomba ina springi inayosukuma risasi wakati wote. Maganda ni ya plastiki. Yakikaa miezi mingi, hasa mahali pa joto, yanaweza kubonyea au kuvimba kiunoni. Yatoe kila baada ya miezi mitatu, yatazame, yapumzishe, ingiza mengine. Ukipakia na kutoa risasi ileile chembani mara kwa mara, kitako kinakwaruzika na mdomo unalegea, ibadilishe.

Usipulizie mafuta ya kupenya kutu karibu na risasi. Yanaingia kupitia fataki na kuua mlipuko bila kuacha alama nje. Mahali pawe pakavu, pasipo na jua, si kwenye buti la gari, si karibu na jiko. Acha risasi ndani ya boksi lake la asili, maana namba ya toleo ndiyo itakayokusaidia kununua ileile tena, au kujua kama mtengenezaji ameirudisha kiwandani. Ukinunua toleo jipya, piga tena karatasi mbili kwa mstari mrefu kabla ya kuliingiza kwenye magazini.

Risasi iliyolowa, yenye kutu ya kijani, au iliyovimba haitupwi kwenye takataka wala kuchomwa moto. Iweke peke yake kwenye kopo lenye alama, na uikabidhi kwa muuzaji mwenye leseni au kituo cha polisi.